Kadi Zisizo na Jina

Mwaka wangu wa tatu Chuo Kikuu nilijifunza lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto. Haikuwa na salamu wala pole. Ilikuwa lugha ya kuamrisha kompyuta: soma kadi hizi, zipange kwa wilaya, zenye kasoro ziweke kando, chapa zilizobaki, maliza. Wenzangu wengi waliipenda zaidi lugha nyingine tuliyofundishwa, ile ya kukokotoa, kwa sababu ilifanana na hisabati waliyoizoea. Mimi niliipenda hii ya amri. Mwalimu wetu, mtu mpole aliyevaa shati lilelile la kijani karibu kila siku, alikuwa akituambia kwamba kazi uliyoifanya mara mbili kwa mikono, ya tatu ni ya mtambo, maana taifa changa halina watu wa kupoteza. Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Niliamini, na bado naamini, kwamba karani anayepanga fomu mwezi mzima huku wagonjwa wakisubiri anaibiwa siku zake, na wagonjwa wanaibiwa zao.

Naandika haya kwa ajili ya mzee mmoja wa upande wa Rungwe ambaye, kwa sababu ya amri moja niliyoiandika kwa mkono wangu, hakuitwa siku aliyopaswa kuitwa.

Katika likizo ndefu ya mwaka uliotangulia, baadhi yetu tulikuwa tumetumwa mikoa ya Mbeya na Iringa kuuliza nyumba kwa nyumba habari za kifua kikuu. Mimi nilizaliwa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Baba yangu ni Mhehe. Mama yangu ni Mnyakyusa aliyeolewa mbali na kwao. Nilipopangiwa Rungwe nilifurahi, nikajiambia kwamba lugha ya kule naielewa kiasi na desturi zao ninazo damuni.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Nyumba zilikuwa zimehamishwa kutoka mabondeni na kupangwa mistari miwili kufuata barabara, ili shule na zahanati viwe karibu na kila mtu. Migomba iliyopandwa nyuma ya nyumba ilikuwa bado mifupi, nayo mvua ya kule, ambayo hainyeshi kwa hasira bali kwa ukaidi, ilikuwa imegeuza njia kuwa tope jekundu. Katika nyumba ya nne nilimkuta mwanamke wa umri wa kama miaka thelathini akimenya ndizi. Mume wake alikuwa shamba la kijiji. Alinipa kigoda, akaniambia nikae mbali na moshi, akajibu maswali yangu yote bila kusita: jina lake, la mume, la binti yao wa miaka saba, nani anakohoa, tangu lini.

“Hao tu?” nikamwuliza.

“Yupo na mzee.” Alielekeza kidevu bila kuinua macho, kuelekea kijumba kilichokuwa nyuma, ng’ambo ya migomba. “Anakohoa sana, dada. Tangu mavuno ya maharage. Usiku na mchana.”

“Anaitwa nani?”

“Ni mzee wa pale.”

“Ndiyo, mama, lakini jina lake?”

Aliinamia ndizi zake. “Yupo,” akasema. “Andika tu yupo.”

Niliandika umri wa kukisia, nikaandika kikohozi, nikaandika damu, kwa maana alisema mtoto aliiona. Pa jina nikapaacha patupu. Nilidhani hajui. Nilidhani ni mmoja wa wale wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwaambia jambo lolote, nikamwonea huruma, nikakusudia kurudi jioni nimwulize mume wake. Jioni mvua ilizidi, nami nilikuwa na nyumba nyingine za kumaliza. Sikurudi.

Fomu zilisafirishwa hadi Chuo Kikuu, kule pwani, zikatobolewa kwenye kadi, kila mtu kadi yake. Nikaomba kazi ya kuziandikia amri iwe sehemu ya zoezi langu la mwisho, nikapewa. Bado nakumbuka furaha ya siku ile. Bunda la kadi zangu za amri halikuzidi unene wa kidole gumba, nalo liliuongoza ule mlima wote wa kadi: kutafuta kikohozi cha zaidi ya mwezi, kupanga kwa kijiji, kuchapa orodha ya watu wa kupelekwa hospitali ya mkoa kupigwa picha ya kifua. Kazi iliyowachukua makarani wiki nyingi ilianza baada ya chai ya asubuhi, ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Miongoni mwa amri zangu ilikuwamo hii: kadi isiyo na jina, iweke kando, endelea. Niliiandika bila kufikiri, kama mtu anavyopepeta mchele.

Mwalimu alikuja akaitazama karatasi iliyochapwa, ndefu, yenye vitobo pembeni.

“Safi,” akasema. “Na zilizowekwa kando umezitazama?”

“Ni makosa ya uandishi tu, mwalimu.”

“Zitazame hata hivyo.”

Nilimjibu ndiyo. Kisanduku cha kadi zile kilikuwa juu ya rafu, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nilikwenda kula.

Likizo fupi iliyofuata niliomba ruhusa kuifuata orodha yangu hadi vijijini. Nilitaka kuona kwa macho jinsi amri iliyoandikwa pwani inavyomfikia mtu mlimani. Lori la hospitali lilitoka Mbeya alfajiri, likiwa na dereva, mganga mmoja wa makamo aliyekuwa na haraka ya kweli, na mimi nikiwa nimeikumbatia karatasi kifuani.

“Ndugu msomi,” dereva alinichokoza njiani, “hiyo karatasi yako imetobolewa na panya?”

“Ni vitobo vya mashine.”

“Basi mashine yenu ina meno.”

Kijijini watu walitusubiri kando ya barabara. Nilisimama nyuma ya lori, nikasoma jina moja moja. Bibi mmoja mkongwe aliposikia jina lake alipiga kigelegele chembamba, akawageukia wenzake. “Mnasikia? Hata huko pwani wananijua! Na nyie mnaniita bibi kizee.” Wakacheka wote, na mganga akamshika mkono kumpandisha. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Niliona kila jina likigeuka kuwa mtu, na mtu akipanda, na nikajiambia: hii ndiyo elimu.

Nilipofika mwisho wa orodha, yule mwanamke wa nyumba ya nne alijitenga na wenzake, akaja hadi kwenye gurudumu la lori.

“Dada, bado mmoja.”

“Nani, mama?”

“Wa nyumba ile ya nyuma. Anayekohoa. Ulikuja ukaandika.”

Nikaipitia karatasi tena toka juu hadi chini. “Jina lake?”

Alitazama chini. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakanyamaza, na mmoja wao akavuta mtandio kufunika mdomo. Sasa nafahamu kwamba hata hao, kwa kuwa waliolewa katika ukoo uleule, walikuwa wamefungwa na jambo lilelile. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa shambani. Watoto walikuwa shuleni.

“Mama,” mganga akaita kutoka mbele, “taja jina, tuondoke. Unaiona mvua ile?”

“Huyu anataka kumpakia mume wake akatembee mjini,” dereva akasema, na wazee waliokwisha kupanda, ambao hawakuwa wamesikia anamwombea nani, wakacheka.

Mwanamke hakucheka. “Subirini kidogo,” akaniambia mimi, si wao. “Binti yangu leo hakwenda shule, yuko kule kwake anamvalisha koti. Nimwite. Yeye atasema.”

Wingu lilikuwa limekwisha kuufunika mlima. Mteremko wa kurudia ulikuwa wa tope, na ndani ya lori walikuwamo wagonjwa kumi na kitu waliokaa kwenye mbao. Hizi ni sababu, na zilikuwa za kweli. Lakini si hizo zilizonifanya niseme nilichosema. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeshika karatasi niliyoiamini kuliko mtu niliyemwona mbele yangu.

“Mama,” nilimwambia kwa upole, “kama angekuwa mgonjwa, angekuwa kwenye orodha.”

Dereva akawasha gari. Nikapanda. Lori lilipokata kona ya kwanza nilitazama nyuma, nikamwona mzee akitokea kwenye migomba, amevaa koti refu jeusi lililofungwa vifungo vyote, mkono mmoja kwenye bega la mtoto wa kike. Yule mwanamke, alipomwona anakuja, aliiacha njia upesi akasimama kwenye majani, akampa mzee mgongo. Niliona ni utovu wa adabu. Mzee akainua fimbo yake. Nikadhani anatuaga, nikampungia mkono.

Kutoka Mbeya nilipanda basi hadi Iringa kwenda kuwasalimu wazazi kabla chuo hakijafunguliwa. Mama alikuwa uani akichambua mboga, nami nikaketi mkekani kumsaidia. Nilimsimulia safari kwa majivuno, na habari za yule mwanamke nilizitia kama kichekesho: mtu anataka mgonjwa wake apelekwe hospitali, na hajui hata anaitwa nani.

Mikono ya mama ilisimama.

“Huyo mzee ni nani wake?”

“Nadhani ni baba wa mume wake.”

“Na wewe ukamtaka amtaje?”

“Nilihitaji jina, mama.”

Alinitazama, si kwa hasira; kama mtu anayetafuta alipokosea yeye. “Mwanangu, miaka yote uliyokaa ndani ya nyumba hii, umewahi kunisikia nikilitaja jina la baba wa baba yako?”

Babu yangu aliishi hatua chache kutoka kwetu mpaka alipofariki. Mama alimpikia kila siku, na chakula tulikipeleka sisi watoto. Akipita, mama aliingia ndani. Alimwita mwenye boma, au mzee wa kule juu. Siku nilipojaza fomu ya kuingia sekondari na kuulizwa jina la babu, nilimwuliza mama, naye akasema nimsubiri baba. Nilimsubiri baba. Sikujiuliza kamwe kwa nini.

“Silitaji, si kwamba silijui,” mama akasema. “Nalijua kuliko ninyi mnaolitaja ovyo. Kwetu mkaza mwana hamtazami mkwe usoni, hasimami kwenye njia yake, na jina lake halimtoki kinywani. Ndiyo heshima yote aliyo nayo ya kumpa. Huko zamani walijenga mbali mbali kabisa, wazee kwao na vijana kwao. Sasa mmewapanga mistari.” Akachukua fungu jingine la mboga, asilichambue. “Kwa hiyo yule mwanamke alikuja mpaka kwenye gari, mbele za watu, kumwombea. Ilimgharimu huyo, mwanangu. Na wewe ukafanyaje?”

“Niliondoka,” nikasema. Sikuthubutu kumwambia kwamba nilipunga mkono.

Chuoni nilikwenda moja kwa moja kwenye ile rafu. Kisanduku kilikuwa palepale. Nilizitoa kadi na kuzisoma moja moja mezani, siku nzima. Nilitegemea kukuta makosa ya kila aina. Karibu zote zilikuwa sawa: mwanamume, mzee, kutoka nyumba ambayo aliyejibu maswali alikuwa mke wa mwanawe. Wengi hawakuwa na ugonjwa wowote. Baadhi walikohoa. Wazee wale walikuwa wameondolewa si kwa sababu walisahauliwa bali kwa sababu waliheshimiwa, na aliyewaondoa hakuwa mgeni asiyejua mila. Alikuwa mjukuu wa mzee kama wao. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipoisikia mashine ikizimeza kadi kwa ule mlio wake wa haraka, nilisikia pia zile zinazoanguka kando, ingawa opereta aliniambia kwamba mlio ni mmoja tu.

Nilimweleza mwalimu kila kitu. Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali.

“Andika upya,” akasema.

“Niandike nini? Mtambo hauwezi kumwuliza mtu.”

“Hauwezi. Basi uuamrishe useme kwamba hujui, na useme kwa sauti. Usiuamrishe unyamaze.”

Nikaandika upya. Pasipo na jina, amri yangu mpya ilichapa nyumba, mstari, na uhusiano: baba mkwe wa fulani, nyumba ya nne, nyuma. Orodha ya pili ilikwenda mkoani kwa posta, ikiwa na barua niliyoiandika mara nyingi. Haikujibiwa. Chuo kilipofungwa niliifuata mwenyewe. Mganga yuleyule alikuwa ameiweka mezani, akaniambia kwamba gari lilikuwa limeharibika muda mrefu. Nilipanda gari la kubeba ndizi hadi njia panda, nikatembea.

Yule mwanamke alinitambua tangu mbali. Alinisalimu, nami nikamsalimu kwa lugha ya mama yangu, kwa kuinama, kama nilivyopaswa kufanya mara ya kwanza. Sikuhitaji kuuliza. Kijumba cha nyuma kilikuwa hakina moshi, na kando yake udongo ulikuwa umeinuka.

“Aliondoka mwezi wa pili tangu mlipokuja na gari,” akasema.

Nilisema pole. Neno lilikuwa dogo mno.

“Hakuwa na kinyongo,” akaendelea, akidhani ananifariji. “Alimwambia mtoto kwamba binti wa kwenye gari amemwahidi kwa mkono, gari litarudi. Kila asubuhi alivaa koti akaenda kukaa barabarani. Mtoto alikaa naye. Hata siku zile za mwisho, alipokuwa hawezi, alitaka avalishwe.”

Nilikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa baraza. Ndipo nilipomsikia mtoto akikohoa ndani ya nyumba.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha chini, cha mtu anayejizuia. Mama yake aliona nilivyogeuka. Nani mwingine angempelekea mzee chakula, nani angelala karibu yake kumpa maji, kama si mjukuu? Kila kitu ambacho mkaza mwana alikatazwa, mtoto alikifanya kwa niaba yake, kwa upendo, miezi yote ile.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu msiba. Nilisema ni majonzi.”

Kesho yake asubuhi tulishuka watatu hadi njia panda, tukasubiri gari hadi jua likawa kali, tukafika Mbeya alasiri. Mganga, sitamnyima haki yake, alituingiza bila kutupanga foleni. Picha ilipotoka aliishika mbele ya dirisha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

“Kifua kikuu kimeanza,” akasema. “Kimeanza tu, upande mmoja. Atalazwa, achomwe sindano kila siku, kisha dawa za kumeza mwaka mzima na zaidi. Asiache hata siku moja.”

“Atapona?” mama yake akauliza.

“Wengi wanapona, wakimaliza dawa.”

Mtoto alipewa kitanda karibu na mlango. Mimi na mama yake tulikaa kwenye benchi lililokuwa kando, na hapo nikajua kwamba siwezi kumwacha aendelee kunishukuru. Alikuwa amenishukuru njia nzima: ndaga, ndaga, kwa kila kilima. Nikamweleza. Nilimweleza kadi ni nini, na kwamba ya mzee ilikuwa na kila kitu isipokuwa jina. Kwamba kuna mashine, lakini mashine haikuamua, niliamua mimi. Kwamba mwalimu aliniambia nizitazame kadi zile nami nikaenda kula. Kwamba mkono niliouinua siku ile haukuwa ahadi, ulikuwa upuuzi wa mtu aliyejisikia vizuri. Nilisema yote kwa lugha mbili, nikirukia nyingine kila moja iliponipungukia.

Alisikiliza hadi mwisho. Aliutazama mlango wa wodi, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amelala usingizi mdomo wazi, akanitazama tena.

“Ningemtaja,” akasema polepole. “Siku ile, gari lilipokwisha kukata kona, nililitaja jina lake. Kwa sauti. Wenzangu walisikia. Mlikuwa mmekwenda.”

Alinyanyuka, akajifunga khanga upya kiunoni, akaokota bakuli tulilokuja nalo.

“Kaa naye,” akaniambia. “Akiamka akikohoa, mwinue mgongo. Mimi naenda kumtafutia uji.”

Nikahamia kitandani. Nilimtazama akitoka hadi akapotea kwenye kundi la watu uani, kisha nikauweka mkono wangu nyuma ya mgongo wa mtoto, uwe tayari.